Mafiga Mawili

Jalada la albamu ya kwanza ya Mafiga lilikuwa na sura mbili. Kundi linaitwa Mafiga, tangu siku ya kwanza lina watu watatu, na figa moja haliinjiki chungu, hata mtoto anajua. Lakini kwenye jalada walisimama wawili, wamekunja mikono, wamenuna kama watu walionyimwa chakula. Kiberiti, aliyekosekana pale, aliiona picha hiyo ukutani studio, akitokea kazini, nyuzi za sare za shule anazoshona bado zimemganda kwenye sketi. Kumbe ilipigwa wakati yeye yuko kwenye cherehani, na hakuna aliyemwambia.

Alimuuliza kaka yake. Radi, ndilo jina alilojipa mwenyewe ingawa mafua tu yalikuwa yakimlaza wiki nzima, alijibu bila kugeuka kwamba hip hop inataka sauti nzito, na sauti ya dada yake ni ya kupambia tu. Nyundo, mwenzao wa tatu, aliinama akajifanya anafunga kamba za viatu. Viatu vyenyewe havikuwa na kamba.

Ya kupambia! Haya, sikiliza basi. Tangu utotoni kifua cha Radi kilikuwa kibovu. Akichana mistari, pumzi humkatikia kabla mstari haujaisha. Walipokuwa wakicheza uani, dada alijifunza kumwachia mstari mpaka karibu na mwisho, kisha neno la mwisho analisema yeye, upesi, kaka akipata nafasi ya kuvuta hewa. Wakakua hivyo, wakapanda majukwaani hivyo, na albamu nayo wakairekodi hivyo, kila mmoja na maiki yake. Wasikilizaji hawakugundua. Mbaya zaidi, Radi mwenyewe alishasahau. Anayebebwa mgongoni hajui njia ni ndefu.

Kiberiti alimwambia yote yaliyomjia mdomoni, na yalikuwa mengi. Alimwita mwizi, akamwita kifua cha karatasi, akamkumbusha ni nani aliyekuwa akimfulia mashati ya jukwaani. Radi akamgeukia prodyuza aliyekaa kwenye mitambo.

"Mtoe," alisema. "Sauti yake yote, nyimbo zote."

"Zote?"

"Kwani husikii?"

Prodyuza akaizima sauti ya Kiberiti, akaucheza wimbo wa kwanza. Radi akasikika akinguruma vizuri mpaka karibu na mwisho wa mstari, kisha kimya. Mstari wa pili, kimya. Kila mstari umekatwa mkia. Nyundo akasahau viatu vyake. Kiberiti alikuwa ameshafika mlangoni. Akacheka kicheko kisicho na furaha hata chembe, akaenda zake.

Radi alijaribu kurekodi upya. Alihema, akakohoa, akanywa maji ya moto, akalifikia neno la mwisho akiwa hana hewa ya kulisemea. Nyundo akajaribu kulisema yeye, akachelewa kila mara. Na tarehe ya uzinduzi ilishatangazwa. Ndipo alipotokea kwenye karakana ya ushonaji, mbele ya wafanyakazi wenza wa Kiberiti, amevaa miwani ya jua ndani ya nyumba. Hakuomba radhi. Alimtaka aje ajaze yale maneno kimyakimya, bila jina lake kuandikwa popote, kwa sababu majalada yameshachapwa.

"Wewe ni mdogo wangu," alisema. "Damu nzito kuliko maji."

"Basi imalizie mistari yako kwa hiyo damu," Kiberiti alimjibu, akaikanyaga cherehani ikanguruma mpaka kaka mtu akaondoka.

Ilimuuma, asikudanganye mtu. Alishona mfuko wa shati juu chini, akaufumua, akaushona tena vilevile. Kaka ni kaka, na albamu ile aliitamani kuliko kitu chochote: sauti yake itoke, na watu wajue ni yake. Sasa hata moja kati ya hayo mawili hakupata.

Albamu ikatoka na mashimo yake. Nyundo alishauri wayaite mtindo. Na watu, kwa jinsi wanavyopenda kujifanya wajuzi, wakakubali. Wakasema ule ni ukimya wenye maana. Kiberiti alipoyasikia hayo redioni alitaka kuirusha redio dirishani, ila ilikuwa ya mama yake.

Uzinduzi ulifanyika alasiri, ukumbi umefurika. Kiberiti alikuwa ameapa haendi. Akaenda. Alisimama nyuma kabisa, mgongo ukutani, mikono kifuani. Radi aliingia kwa vishindo, shangwe zikampanda kichwani. Sasa marapa wana mazoea yao: ukifika mwisho wa mstari unawaelekezea watu maiki wamalizie, nawe unapumua. Radi, kwa kutafuta pumzi, akafanya hivyohivyo.

"Mavumbini nilikolala, aliyeniinua ni..." Akanyoosha maiki.

Kimya. Wangejibu nini, na neno lenyewe halimo kwenye albamu? Hakuna aliyewahi kulisikia. Watu wakatazamana. Radi akabaki na mkono hewani, kifua kinapanda na kushuka, macho yanahangaika ukumbini mpaka yakamfikia dada yake. Neno lilikuwa "mimi". Kiberiti alilijua. Lilikuwa tayari kwenye ulimi, maana ulimi ule ulizoea kumwokoa bila kuombwa. Akalimeza.

"Kiberiti!" aliita jina lake mwenyewe, kwa sauti ileile ya kupambia.

Ukumbi ukalipuka. Kumbe ndilo neno lenyewe! Radi akaukimbilia mstari uliofuata ili aufunike ule wa kwanza, pumzi ikamkatikia palepale, na watu wote wakammalizia: Kiberiti. Akaificha maiki kifuani, wakapaza sauti zaidi. Kunyamaza hawezi, uzinduzi ni wake. Akaendelea wimbo baada ya wimbo, akimsifu dada yake kwa meno yaliyokazwa, macho yake ya chuki hayambanduki. Kufikia wimbo wa nne hata Nyundo, mtu wa kufuata upepo, alikuwa akiitikia pamoja na umati.

Kiberiti hakushangilia wala hakutabasamu. Alisimama palepale mpaka wimbo wa mwisho, kuhakikisha hawaruki hata mstari mmoja.