Udongo Usiochemshwa

Wiki ile kuni zilikuwa mbichi, ndiyo maana udongo haukuchemshwa. Pale kitaluni kila kitu kina utaratibu wake: udongo unachekechwa kwenye wavu, unapikwa kwenye pipa hadi wadudu na mbegu za magugu vife, ukipoa unachanganywa na samadi, ndipo unajazwa kwenye viriba, vile vifuko vya plastiki vya kuoteshea miche. Mjaza viriba, mwanamke mwenye mikono myepesi na mdomo mwepesi zaidi, aliliruka pipa. Msimu wa kupanda ulikuwa mlangoni na mwenye kitalu amemkalia kooni.

Miche ya nyanya ikaota vizuri, ila jua haikulijali. Ilimfuata yeye. Akipita kushoto na kopo la maji, inainama kushoto. Akienda kula, inatazama mlangoni hadi arudi.

"Imekuzoea," alisema mpiga dawa, bila kuacha kazi yake.

Siku ya kuuza mjaza viriba alichana kiriba kimoja akague mizizi. Ilikuwa imejisuka mkono wa kushoto, na kucha zake. Mkono wenyewe haukumshangaza sana, kitalu kimeona mengi. Alipofika kwenye kidole cha mwisho, kilichoishia kwenye kifundo, ndipo alipoufuta udongo atazame vizuri. Kidole kile alikikata yeye mwenyewe kwa jembe, utotoni. Kilikuwa cha kaka yake.

Kaka ndiye aliyekuwa akichimba udongo wa kitalu kule bondeni, hadi siku mwenye kitalu aliposema ameacha kazi, kaondoka bila kuaga. Tangu hapo dada mtu alikuwa akimlaani kila jioni kwa kumtelekezea mama.

Akachana kiriba cha pili, na cha tatu. Mkono ule ule. Ule wa tatu ulimfinya vidole taratibu.

Akaupeleka ofisini. Mwenye kitalu akausalimia vizuri tu, kisha akajifuta kiganja.

"Ukingo ulimporomokea," alisema. "Kumfukua kungetusimamishia kazi wiki nzima, dada yangu. Na alikuwa ameshakufa."

"Alikuwa ameshakufa?"

Mwenye kitalu akausogeza mche pembeni ya meza.

"Aliita kidogo."

Mjaza viriba aliomba akamtoe kaka yake, amzike. Akaambiwa shimo lilishafukiwa, sasa wanachimba kando yake.

Miche ikaisha yote. Wateja waliisifu kwamba ukiipanda inang'ang'ania ardhi hapo hapo. Mche mmoja tu mjaza viriba aliupeleka nyumbani kwa mama yake. Mama aliufukua mkono ule, akauosha, akaukata kucha, akaurudisha udongoni, akaketi karibu yake hadi giza likaingia. Mwenye kitalu naye akanunua kuni kavu, akatoa amri kwamba udongo usiochemshwa usiguse mbegu tena.

Mzigo wa udongo uliofuata, dereva wa lori aliushusha peke yake, bila mchimbaji aliyechukua nafasi ya kaka.

"Mchimbaji mpya yuko wapi?" aliuliza mjaza viriba.

"Ameacha kazi," dereva alijibu, huku akikwangua koleo.

Mchimbaji yule alikuwa na mke. Siku moja angekuja kuuliza, na mjaza viriba hakutaka aondoke bila kushikwa mkono. Akajaza kiriba kimoja udongo mbichi, akachomeka mbegu, akakificha nyuma ya samadi. Kisha akaumimina udongo uliobaki kwenye pipa, akawasha moto.