Doa Ubavuni mwa Sharubu

Miaka kumi na tisa nipo kliniki ya ngozi. Kwa ujeuri wangu nilikuwa na mchezo mmoja: mgonjwa akiwa bado mlangoni, mimi nishautaja ugonjwa wake. Mara nyingi napatia. Ndiyo maana nyumbani wananiita Daktari, ingawa mimi ni muuguzi tu, na sijawahi kumsahihisha mtu.

Basi baba mkwe aliponiita sebuleni nimtazame kambale wake, nilikwenda kifua mbele. Kambale huyo, Sharubu, alikuwa wa marehemu mama mkwe. Alimfuga kwenye tangi la kioo tangu akiwa mdogo kama kidole. Sasa ni mnene kama mkono wangu. Mama alipofariki, kazi ya kumlisha aliirithi wifi yangu, binti yake wa pekee. Kila jioni akitoka kwenye cherehani yake anapitia, anakunja mkono wa gauni, na Sharubu anakuja kula vidoleni mwake. Msibani sikumwona wifi akitoa chozi. Alikuwa akilia hapo, kwenye tangi.

Ubavuni mwa Sharubu palikuwa na doa jeupe, urefu wa kidole. Niliinama mara moja tu, nikasema fangasi. Baba mkwe akauliza imetoka wapi, na mdomo wangu ukanitangulia. Kambale hana magamba, nikasema, ngozi yake iko wazi, na kuna mtu anatia mkono humo na mafuta yake ya kujipaka na vumbi la vitambaa.

Wifi alikuwa amesimama palepale na kopo la chakula cha samaki. Akasema huwa ananawa. Nikamwambia kunawa si kuchovya vidole. Akanijibu, nami nikamjibu, mpaka baba mkwe akasema nyumba hii sasa ni ya kambale, kila mtu ana ndevu. Kisha akamwambia binti yake, taratibu, asiyaguse maji yale mpaka Daktari aruhusu. Wifi aliweka kopo mezani akaenda zake. Na mimi, Mungu anisamehe, nilijiona nimeshinda.

Nikatia dawa ya fangasi. Wiki nzima doa halikupungua, tena katikati pakawa pekundu, na Sharubu akagoma kula kwangu. Nikampiga picha, nikaenda duka la samaki wa mapambo nikiwa tayari kumgombeza muuzaji kwa kuniuzia dawa feki.

Muuzaji, baba mmoja mpole, aliikuza picha kwenye simu yangu akaitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyomtazama samaki mwenyewe.

“Fangasi huwa kama pamba, inachezacheza majini,” akasema. “Hili limelala. Na ukingo wake umenyooka kama umepigwa rula. Huyu ameungua, dada.”

Akaniuliza kama hita ya kupashia maji ina kizimba chake cha kuikinga. Kambale hupenda kujibana penye uficho, akanieleza, na akiegemea hita iliyo tupu anaungua. Halafu akauliza kama kuna kitu kilichobadilishwa tangini hivi karibuni.

Swali hilo ndilo ninalowauliza wagonjwa kila siku. Umebadili sabuni? Umevaa cheni mpya? Nyumbani kwangu sikumuuliza mtu. Wiki tatu kabla, mimi mwenyewe niliosha tangi, nikakichomoa kile kizimba cha plastiki kwa kuwa kilikuwa na ukijani, nikakiloweka kwenye ndoo chini ya sinki. Niliporudi nilikikuta humohumo. Nyani haoni kundule.

Sasa sikilizeni nilivyo. Nilikirudisha kimyakimya, nikamwaga maji ya ndoo, nikanyamaza. Siku chache baadaye doa likaanza kufunga. Baba mkwe akawaambia majirani kwamba mkwe wake ana mikono ya baraka, nami nikacheka nao. Kliniki nawaambia watu mficha maradhi kifo humuumbua. Nilikuwa nasema hivyo asubuhi, jioni narudi nyumbani kusifiwa.

Jumapili baba mkwe akamwita binti yake, akamwambia Daktari ameruhusu. Wifi alipiga hodi katika nyumba aliyozaliwa. Akanifuata jikoni kwanza, akaniomba radhi, mimi, kwa kunijibu mbele ya baba yake. Kisha akanyoosha mikono.

“Wifi, hebu niangalizie. Hata sindano siwezi kushika. Nataka kujua kama ndiyo fangasi niliyompa samaki wa mama.”

Vidole vyote vilikuwa vimepasuka, ngozi inabanduka, wekundu umepanda mpaka viwikoni. Safari hii niliuliza kwanza. Akasema amekuwa akisugua kwa sabuni ya unga na brashi, asubuhi na jioni, ili siku atakayoruhusiwa awe msafi.

Baba mkwe alikuwa amefika mlangoni, anasubiri Daktari atamke. Nilitamani ardhi inimeze.

“Si fangasi,” nikasema. “Wewe huna, na samaki hakuwa nayo. Ni mimi.”

Nikawaeleza yote, kizimba, ndoo, duka, na siku zote nilizonyamaza. Baba mkwe alivuta kiti akakaa. Wifi alichukua mikono yake kutoka kwenye yangu, akaenda kwenye sinki, akafungua maji, akaanza kusugua. Nikamwambia imetosha, wifi, ni safi. Akaendelea kusugua.