Damu ya Kulinganishia

Kishimo kimoja katika sahani ya plastiki kiligeuka manjano ya kukolea, na majimaji ya damu yaliyokuwamo yalikuwa ya mpimaji mwenyewe.

Maabarani walimwita Bi Mirija. Kazi yake ilikuwa kuzichokoza chembe nyeupe za damu: aliziwekea vipande vya kimelea cha kifua kikuu, akaziacha kwenye joto la mwili hadi kesho yake, kisha akatazama. Chembe zisizokijua kimelea hicho hukaa kimya. Zilizowahi kukutana nacho humwaga interferoni, kemikali ambayo kipimo huionyesha kwa rangi ya manjano, na hiyo ndiyo mbiu yao. Nyingine zikiipata hukimbilia alipo adui, zikamzingira kifuani miaka nenda miaka rudi, bega kwa bega. Bi Mirija, aliyekula peke yake na kulala peke yake karibu siku zote tangu mama yake afariki, alizionea wivu. Moja ikiguswa, zote zinafika. Yeye akiugua, hujua mwenyewe tu.

Damu yake ndiyo waliyoitumia kulinganishia, damu ya mtu mwenye afya. Mwaka uliopita ilitulia tuli kama maji mtungini. Alirudia kipimo, akijidanganya kwamba mkono uliteleza. Manjano yaleyale.

"Huumwi," daktari mtafiti alimwambia baada ya picha ya kifua. "Vimelea vimelala tu. Utameza dawa visije vikaamka. Ila umeambukizwa karibuni, Bi Mirija. Nyumbani unaishi na nani?"

"Na feni."

Daktari alicheka. Yeye hakucheka, maana alikwisha kumkumbuka mdogo wake. Huyo alikuja kwake na begi moja baada ya kuachishwa kazi kiwandani, akakaa msimu mzima wa mvua zilizopita, akikohoa. "Vumbi la kiwanda, dada," alisema, na dada aliyekijua kifua kikuu nje ndani akamwambia anywe maji ya moto. Kwake kifua kikuu kilikuwa cha mirijani, cha watu wengine. Asubuhi moja alikuta kitanda kimetandikwa na mgeni hayupo. Akanuna, akangoja apigiwe simu yeye. Sasa aibu ilimchoma kuliko woga.

Alipiga simu akiwa bado na koti la maabara. Kabla ya salamu alisikia kikohozi.

"Dada? Leo jua limetokea magharibi?"

"Kwa nini uliondoka bila kuniaga?"

"Kila nikikohoa ulikuwa unafunga mlango wako. Nikasema basi, nimeshakuwa mzigo."

"Nilifunga nipate usingizi, mdogo wangu! Kelele tu. Nimepimwa. Nina kifua kikuu kilicholala. Nadhani nimekipata kwako, na chako hakijalala."

Alimsikia akicheka, kicheko kikakatwa na kikohozi. "Kumbe mlango haukusaidia kitu."

"Haukusaidia. Unakaa wapi? Nakuja, twende hospitali."

"Usije, dada. Chumba chenyewe hakina hata dirisha. Nitakuambukiza."

"Umeshaniambukiza," alisema, akivua koti kwa mkono mmoja. "Nielekeze."