Gauni la Kompyuta

Siku Tabita alipoleta kompyuta nyumbani kwangu, ilikuja ndani ya kiroba cha mahindi na katoni za sabuni, na mimi nikadhani ameokota vyuma chakavu. Akavipanga mezani kimoja kimoja, taratibu, kama wazee wa kanisa wanavyopanga vyombo vya meza ya Bwana. Nikavuta kiti na ungo wangu wa maharage, nikamwuliza kompyuta yenyewe iko wapi.

"Ndiyo hii, bibi," akasema. "Ila haijazaliwa."

Tabita ni mtoto wa binti yangu Judith. Wazazi wake wako Ruanda, hii ya Mbozi, si ile nchi, na kahawa yao, yeye anakaa na mimi hapa Chapwa, Tunduma, ili awe karibu na chuo cha ufundi. Mwaka jana alifeli mtihani huuhuu wa vitendo. Alipinda vijino vidogo ndani ya mashine, ikakataa kuwaka mbele ya wenzake wote, akarudi nyumbani akalala bila kula. Chuo kinaruhusu kurudia mara moja tu. Safari hii kila mwanafunzi alipewa vipande aende navyo nyumbani, aviunge, aviwekee programu, halafu mwalimu apite nyumba kwa nyumba kuangalia. Mashine iwake, na ikae imewaka muda wote mwalimu atakaokuwa ameketi. Ikijizima, basi, Tabita hana chuo tena. Mwalimu angefika kwetu Alhamisi.

Jirani yetu Fides, anayeuza vitenge huku na ng'ambo Nakonde, alipita mlangoni akachungulia. Akaniita mayo, yaani mama, kama anavyowaita wateja wake wa Zambia. "Mayo, naona mmefungua gereji," akasema, kisha akauliza kama mwaka huu itaamka yenyewe au tumwite mchungaji. Tabita aliinamia meza, na mimi nikaona masikio yake yamebadilika rangi.

Mimi niliishia darasa la tatu. Nasoma Biblia, nasoma maandishi kwenye mifuko ya mbolea, na hapo ndipo penye mwisho. Lakini macho ninayo, na siku ile niliyatumia. Kulikuwa na ubao wa kijani, mpana kama sahani ya ugali. Tabita akaniambia unaitwa mazabodi, maana yake ubao mama, kwa sababu vingine vyote vinabebwa na huo. Akaninyanyulia niuone kwenye mwanga wa dirisha. Ulikuwa umejaa vinjia vyembamba vinavyong'aa, vinapishana, vinazunguka, havigusani. Ukisimama kilimani kule Mbozi asubuhi ukatazama chini, unaona njia za watu namna hiyo, ya kisimani, ya shambani, ya kanisani. Lakini zile zimechorwa na miguu ya watu, miaka na miaka. Nikamwuliza hizi zimekanyagwa na nani. Akasema umeme.

Nikaona jambo jingine. Kila alipotaka kushika kipande, kwanza aligusa kasha la chuma, kimya, kwa vidole. Nikadhani anaomba. Nami nikanyamaza, maana mtu akiomba hakatizwi. Baadaye akanieleza kwamba mwili wa mtu una umeme wake mdogo, hasa majira haya ya baridi na ukavu, na ukigusa kipande nao unaweza kukiua bila wewe kuhisi kitu. Ukishika chuma kwanza, unauacha pale.

"Zile cheche za sweta, bibi. Ukivua asubuhi."

Nimeziona cheche hizo tangu nikiwa msichana. Kila Juni, kwenye baridi yetu hii, unavua sweta la sufu gizani linalia na kutoa miali midogo. Siku zote nilijua ni tabia ya sufu. Kumbe nilikuwa mimi. Niliweka ungo chini nikavitazama viganja vyangu.

Kile kinachofikiri, ambacho anakiita prosesa, ni kidogo kuliko kipande cha biskuti. Alikilaza mahali pake ameshika pumzi, maana hapo ndipo alipoharibu mwaka jana. Hakukikandamiza. Alikiachia tu, kikaingia chenyewe. Juu yake akaweka punje ya dawa nyeupe, kama mchele mmoja, akafunika kwa feni ndogo. Nikauliza ya nini feni, na sisi huku tunavaa makoti. Akasema kitu hiki kikifikiri kinapata moto, na moto ukizidi kinajizima ili kisiungue. Ndiyo maana kinapepewa.

Akaunganisha nyaya, akabana skrubu, akaniambia nisogee nione. Kasha lilikuwa bado wazi ubavuni. Akabonyeza kitufe.

Feni zikazunguka. Kitaa kidogo cha buluu kikawaka ndani, na kwenye kioo cheusi yakatokea maandishi meupe, mstari kwa mstari, hakuna mtu anayeandika. Tabita akaketi sakafuni. Nimezalisha wanawake wengi hapa mtaani kabla zahanati haijaja, na najua kile kimya cha kabla mtoto hajalia. Kilikuwa kimya kilekile, na hivi vilikuwa vyuma vilivyokuja kwenye kiroba.

"Sasa napiga window," akasema.

Nikainuka nikafunga dirisha. Nilijua ni vumbi la malori, na mashine ni changa. Tabita akanitazama, halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika tumbo. Kumbe window ndiyo programu yenyewe, na kupiga ni kuiingiza. Basi tukaipiga na dirisha limefungwa. Ikawa inauliza maswali, kama mgeni aliyeshuka kwenye basi: lugha gani, ni saa ngapi hapa, tuko sehemu gani ya dunia. Tunduma haikuwepo kati ya majina yake, ila Nairobi ilikuwepo, na Tabita akasema inatosha, saa ni zilezile. Nikamwambia aieleze ni saa nane mchana. Yeye akaandika kumi na nne. Nikaona bado ina mengi ya kujifunza.

Sasa, nyumbani kwangu hakuna kitu kinachokaa uchi. Redio ina gauni lake, televisheni ina lake, hata mtungi wa gesi una lake lenye marinda. Kitu cha thamani kikiingia ndani kinavishwa, ndivyo nilivyolelewa. Na hiki kilikuwa kikubwa kuliko vyote. Nikalipima kasha kwa uzi, urefu na mapana, nikafuma kwa sufu nyeupe na ukingo wa buluu ya kile kitaa chake. Kwa ndani nikashonea kitenge ili vumbi lisipenye. Mbele niliacha tundu la kitufe, nyuma mpasuo wa kupitishia nyaya. Nilipolivisha, likashuka mpaka mezani pande zote. Tabita alisema limependeza kama sare ya kwaya.

Siku hiyohiyo ikajizima.

Chungu cha maharage kilikuwa hakijachemka. Tabita alikuwa anaandika, kioo kikawa cheusi, feni zikanyamaza. Taa ya dari ilikuwa inawaka, kwa hiyo umeme ulikuwepo. Akalivua gauni, akalikunja vizuri akaliweka kitini, akafungua kasha. Akafuta ile dawa nyeupe, akapaka nyingine. Ikawaka, ikakaa imewaka ubavu wazi mpaka tukachoka kuitazama. Akafunga kasha, mimi nikalivisha gauni. Ikazima tena.

Akafungua tena. Mimi nilikuwa namwangalia mikono. Mara ya kwanza ilikuwa imetulia. Sasa bisibisi ilikuwa inateleza kwenye skrubu. Alikagua kila waya, akautoa, akaurudisha palepale.

"Ni mkono wangu, bibi," akasema. "Mashine ni nzima. Mkono wangu ndio mbaya."

Nikamwambia afungue mara nyingine, mimi nipo, maharage bado ni mengi.

Jumatano akaiunga yote upya kutoka mwanzo, hata skrubu ambazo hazikuwa na kosa. Gauni nilikuwa nimelifua kwa ajili ya mgeni, lilikuwa kambani, na sufu haikauki upesi baridi hii. Mashine ikafanya kazi tangu asubuhi mpaka jioni, haikuzima hata mara moja. Tulipiga magoti pale pale sebuleni tukashukuru.

Alhamisi nikapiga gauni pasi. Nikatandika vitambaa vya viti, nikavisha kila kinachovishwa, na kompyuta nikaivisha mwishoni.

Mwalimu Nikodemo ni kijana mrefu, mpole, mwenye viatu vilivyojaa vumbi la barabara yetu. Akanipa shikamoo, akanawa mikono, akaketi. Fides naye akaingia nyuma yake kurudisha chekeche aliyoiazima tangu Pasaka. Akaona ni vizuri akae kidogo. Nikaleta chai ya maziwa na viazi vitamu. Mwalimu akamwambia Tabita awashe.

Ikawaka. Mwalimu akamwuliza hiki kinafanya nini na kile kinafanya nini, Tabita akajibu yote bila kukwama. Akamwambia aandike, akaandika. Kisha mwalimu hakuuliza tena. Alikunywa chai na kutazama kioo, na sisi wote tukajua sasa ndio mtihani: kukaa tu.

Sauti ya feni ikaanza kupanda. Mwanzoni kama mtu anayenong'ona, halafu kama lori lenye mzigo linalotafuta gia. Tabita aliisikia. Aliweka mikono yake chini ya meza, akaibana kati ya magoti.

Mimi niliona pindo moja la gauni limejikunja, nikainuka kulinyoosha. Mkono wangu ukapita chini ya kitenge, ukagusa chuma. Nimelea watoto na wajukuu, na mkono huu umegusa mapaji mengi ya nyuso. Sikufikiri, nilisema tu kama ninavyosema siku zote.

"Tabita, huyu ana homa."

Fides akaziba mdomo kwa kanga. Lakini Tabita alikuja, akaweka mkono wake juu ya mkono wangu, humo ndani ya gauni. Akabaki hivyo. Akatazama pindo lililofika mezani, akatazama ule upande wa matundu ya hewa, ambao sufu na kitenge vilikuwa vimeuziba kabisa. Nikaona jambo linafika usoni mwake, polepole, mpaka likafika lote.

Na hakufanya kitu. Feni inalia, mwalimu amekaa, mtihani wake wa mwisho uko mezani, na mtoto amesimama. Akamtazama Fides, akanitazama mimi. Hapo nami nikaelewa. Alikuwa anaona haya kulivua gauni la bibi yake mbele ya watu.

"Mvue, mama," nikamwambia. "Mgeni ameshamwona alivyopendeza."

Akalivua kwa mikono miwili. Joto likatupiga usoni kama umefunua sufuria. Feni ikapiga kelele zaidi, na Tabita akasogeza kasha mbali na ukuta, akaligeuza upande wa matundu uelekee mlangoni palipo na hewa. Tukasimama tunasikiliza. Sijui ni muda gani. Ile sauti ikaanza kushuka. Ikashuka, ikashuka, mpaka ikawa kunong'ona tena, na maneno aliyoyaandika bado yalikuwa kwenye kioo.

Mwalimu akauliza amefanya nini.

"Nimeipa hewa, mwalimu. Ilikuwa inajizima, nami nikawa nafungua na kufunga natafuta kosa la mkono wangu." Akautazama mkono wake. "Mkono wangu haukuwa na kosa."

Mwalimu Nikodemo alitazama lile gauni lililovuliwa, kisha akageuka akauona mtungi wa gesi na marinda yake. Akasema mama yake kule Chitete anao kama huo. Halafu akaninyooshea kikombe akaomba chai nyingine, na nikajua haombi kwa kiu. Nikammiminia. Aliinywa taratibu kuliko ya kwanza, akamenya kiazi, akauliza habari za kahawa ya Ruanda, akauliza bei ya vitenge Nakonde, Fides akamjibu kwa kirefu. Tabita hakukaa. Alisimama karibu na mashine kama mzazi kwenye mlango wa wodi. Haikuzima.

Mwalimu alipoinuka, alimpa Tabita mkono, akamwambia airudishe mashine Jumatatu, na siku hiyohiyo achukue barua ya kwenda mafunzo kazini. Tabita akaitikia vizuri, akamsindikiza mpaka barabarani vizuri, akarudi ndani, akaniegemea begani akalia, na mimi nikamwacha amalize.

Fides alikuwa amelichukua gauni analigeuzageuza. "Mayo," akasema, "hili linaitosha kabisa ndoo yangu ya unga." Nikamwambia alichukue, unga haupumui.

Tabita na Fides walipotoka kwenda kutafuta nyanya, nilibaki peke yangu na mashine. Ilikuwa bado inawaka. Nikakumbuka kugusa chuma kwanza, nikagusa, nikaacha pale ule umeme wangu wa sweta. Halafu nikazunguka nyuma nikaweka kiganja karibu na matundu. Hewa ya uvuguvugu ikanigusa mkono, kidogo kidogo, haikatiki, kama ya mtoto aliyelala baada ya homa kushuka. Nikasimama pale na mkono wangu, mpaka nikasikia wanarudi.