Mita Sitini Kutoka Songwe

Anyitike alikwenda chuo kikuu akiwa na miaka thelathini na sita, baada ya kufundisha shule ya msingi ya kijijini kwao Katumba Songwe kwa miaka kumi. Mwaka ule mto Songwe ulifurika, ukakata ukingo na kumeza mashamba ya majirani zake wanne. Akasema lazima mtu wa hapa akajifunze namna ya kuitunza ardhi hii. Akaomba kusomea usimamizi wa ardhi na maliasili za vijijini, akapata nafasi Morogoro. Mkewe Lusungu alimfungia mchele, akamwambia, "Nenda, Baba Jubi. Miaka mitatu si milele."

Si milele kweli, lakini ni mirefu kwa mtu anayelala chumba kimoja na vijana watatu wanaomwita mzee. Darasani alifundishwa kuchora ramani, kupima mmomonyoko, kutambua majani yanayoshika udongo. Wanaosomea mambo mengine huenda wakasahau kwao wiki nzima. Kwake yeye, kwao ndiko kulikuwa somo lenyewe. Mhadhiri akitaja bonde la mpunga, Anyitike alimwona Lusungu tope limemfika magotini, kanga imefungwa kiunoni, akiinama na kuinuka.

Jioni alimpigia simu. Kwa kuwa vijana walikuwa pale kitandani wanasikiliza, alishindwa kusema lililomjaa moyoni. "Mvua vipi huko?" aliuliza.

"Inanyesha," Lusungu alijibu.

Mwaka wa pili ulipokwisha, wanafunzi walitakiwa kwenda mafunzo ya vitendo. Anyitike akachagua kijiji chake. Alipofika, kwa mara ya kwanza tangu aondoke, binti yake Jubilate, aliyemwacha na miaka mitano, alimwamkia kwa adabu kama anavyoamkiwa mgeni, kisha akakimbia ndani kumletea kiti kile kisichokaliwa na watu wa nyumbani. Anyitike alikikalia.

Serikali ya kijiji ilimpa kazi ya kuweka vigingi mita sitini kutoka ukingo wa mto, eneo ambalo sheria hairuhusu kulimwa, ili lipandwe mianzi. Alifuatana na Godwin wa kamati ya mazingira, yeye kashika kamba, Godwin kashika nyundo. Siku ya tatu walitokea kwenye bustani ya mahindi ya kiangazi, mabichi, yaliyonawiri vizuri. Wakati Anyitike anaondoka, pale palikuwa na matete matupu.

"Ya nani haya?"

Godwin alikuna kichwa. "Ya kwako, mwalimu. Mama Jubi alifyeka mara tu ulipoondoka." Kisha akashusha sauti. "Kamba hii tunaweza kuipindisha kidogo. Nani ataona?"

Kabla Anyitike hajajibu, Lusungu alitokea katikati ya mahindi, jembe begani. Alikuwa amesikia yote. Aliitazama kamba iliyolala juu ya matuta yake, akamtazama mumewe.

"Nilikuwa nakuja hapa kila jioni," alisema. "Si kwa ajili ya mahindi tu. Nyumbani kulikuwa kimya mno. Nikilima mpaka nichoke, ndipo nalala."

"Mbona hukuniambia kwenye simu?"

"Uliniuliza mvua, nikakujibu mvua."

Godwin aligeuka akautazama mto. Anyitike alitamani kamba ipinde yenyewe, ipite nyuma ya mahindi na kuyaacha yote upande salama. Lakini aliyajua mashamba ya majirani yaliyokwenda na maji. Akaichukua nyundo kwa Godwin, akashika kigingi.

Lusungu akaweka jembe chini, akapiga magoti, akakishika kigingi kwa mikono miwili kisiyumbe. "Piga," alisema. "Ila andika kwamba kila mwenye mazao avune kwanza. Si mimi tu, wote."

"Nitaandika."

"Ndaga, Baba Jubi," alisema, akishukuru kwa Kinyakyusa, na mumewe akapiga.

Mkutano wa kijiji ulikubali. Lusungu alivuna mapema, akachoma mengine yakiwa bado laini, na wiki ya mwisho wawili hao walipanda mianzi ishirini na mbili penye mabua. Jubilate aliwachotea maji mtoni kwa kidumu, akamwita baba kwa mara ya kwanza bila kusukumwa na mama yake.

Asubuhi ya kuondoka, Lusungu alimsindikiza hadi stendi ya Kyela. Basi lilikuwa limeshawashwa.

"Ukimaliza, wakikupangia kazi mbali?"

"Sijui," Anyitike alisema.

"Afadhali hujanidanganya." Akamkunjulia ukosi wa shati uliokunjika, akaupapasa mara mbili, ingawa mara moja ilitosha. Kisha utingo akaita abiria, na Anyitike akapanda.