Taarifa ya Mbegu za Katindiuka

Mwaka 1995 Chama cha Maafisa Uhusiano wa Bonde la Kilombero kilikuwa na wanachama kumi na mmoja, na kati yao wawili tu ndio waliowahi kuisomea kazi hiyo. Wengine walikuwa makarani na walimu waliopewa cheo kwa sababu waajiri wao walitaka mtu wa kuzungumza na wananchi. Walikutana Ifakara Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, katika darasa waliloazimwa na parokia, wakajibana kwenye madawati ya watoto. Aliyekuwa na tangazo au risala aliisoma, wenzake wakaikosoa bila kumwonea haya.

Stefania aliingia mwezi wa Agosti. Alikuwa na miaka ishirini na minne, binti wa wakulima waliohamia Lumemo kutoka Mahenge. Kwa miaka mitatu alikuwa karani wa masjala katika kampuni ya Nyota Tatu, yenye kinu cha kukoboa mpunga na ghala la mbegu. Siku moja meneja wake, Bwana Raimundi, alimwita akamwambia, "Una mwandiko mzuri, na watu wanakusikiliza. Kuanzia wiki ijayo wewe ni afisa uhusiano." Stefania alipouliza kazi yenyewe ni ipi, meneja alisema kuna chama, kitamfundisha.

Kanuni ya chama ilikuwa kumpa kila mgeni mlezi kwa miezi sita. Miezi hiyo ikiisha, mlezi husimama mbele ya wote na kusema kama mtu wake ameiva au bado. Stefania alipewa mwenyekiti mwenyewe, Amedeus, mwanamume wa karibu miaka hamsini, afisa uhusiano wa shirika moja la mazao kwa miaka kumi na minane. Majirani walimwita Baba Careen, kwa jina la binti yake mkubwa, na Stefania naye akamwita hivyo.

Alikuwa mlezi mzuri. Kila Jumatano jioni Stefania alipita ofisini kwake na karatasi zake, akaamkia, akakaa. Amedeus alizisoma kwa sauti, na sentensi iliyomkatisha pumzi aliizungushia duara. Alimfundisha kufika mkutanoni kabla ya watu, ili awaone wanavyoingia na nani anakaa na nani. Alimfundisha kuuliza jina la mtu mara mbili kabla ya kuliandika. Tangazo lake la kwanza alimrudishia mara saba, na mara ya nane alilisoma, akaliweka chini, akasema, "Sasa mama yangu angelielewa."

Tangazo hilo lilihusu mbegu. Nyota Tatu ilikuwa inawagawia wakulima wa Katindiuka mbegu mpya ya mpunga, ili wakati wa mavuno wauze mpunga wao kwenye kinu chake. Stefania aliandika kwamba mbegu hiyo inakomaa mapema na kuzaa sana, kisha akamalizia: "Mbegu za zamani zipelekeni jikoni." Amedeus aliipenda sana sentensi hiyo. Mwezi wa Novemba Stefania alisimama Katindiuka mbele ya watu wapatao sitini, akaitamka, nao wakacheka na kupiga makofi. Wengi walifanya kama alivyosema. Wakatwanga mbegu zao, wakazila.

Mvua zilikuja vizuri. Watu wakapanda kabla ya Krismasi. Kufikia wiki ya pili ya Januari habari zilifika kinuni kwamba mashamba ya Katindiuka ni meusi, hakuna kilichoota isipokuwa magugu.

Bwana Raimundi hakumkalisha Stefania. "Andika kwamba ni mvua," alisema. "Ilianza, ikakatika, ikarudi. Ijumaa kawasomee."

Stefania hakwenda moja kwa moja mezani kwake. Alipitia ghalani, kwa Kheri, mtunza ghala, mtu mpole asiyependa maneno mengi. Alimkuta anafagia.

"Kaka Kheri, zile mbegu zilikuwaje?"

Kheri aliendelea kufagia kidogo, kisha akaegemea ufagio. "Paa lilivuja masika nzima. Magunia yakalowa. Tukazianika, tukazifunga upya. Nilimwambia bosi zimeshaanza kunuka uvundo. Akasema zikikauka zitafaa."

Jioni ile, ingawa haikuwa Jumatano, Stefania alikwenda kwa mlezi wake akamweleza yote. Alitegemea atashtuka. Amedeus hakushtuka. Alivua miwani, akaifuta.

"Kazi yetu si kuungama, Stefania. Kwa kuungama padri yupo. Kazi yetu ni kuhakikisha kesho kampuni na wakulima bado wanasalimiana. Ukiwaambia ghala lilivuja, hawatapokea tena hata punje kutoka kwenu. Nani atafaidika?"

"Lakini mimi ndiye niliyewaambia wazile mbegu za zamani."

"Kampuni ndiyo iliyosema. Wewe ulitamka tu."

Akavuta karatasi, akaandika bila kufuta hata neno moja. "Kutokana na mtawanyiko wa mvua usio wa kawaida, uotaji wa mbegu katika baadhi ya maeneo umeathirika. Kampuni inaungana na wakulima katika kipindi hiki." Kulikuwa na aya tatu za namna hiyo. Stefania alizisoma na kushangaa jinsi zilivyoteleza. Hapakuwa na neno aliloweza kulishika na kusema hili ni uongo. Hapakuwa pia na mtu yeyote ndani ya aya hizo.

"Unaona?" Amedeus alisema, bila majivuno, kama fundi anayeonyesha kiungo cha kiti. "Mvua haina mwenyewe. Hakuna atakayekuja ofisini kuilalamikia."

Stefania alishukuru. Njiani alijiambia kwamba mtu wa miaka kumi na minane kazini anajua asichokijua yeye. Usiku ule na uliofuata alilala vibaya.

Ijumaa alifika Katindiuka kabla ya watu, kama alivyofundishwa, akawaona wanavyoingia. Safari hii walikuja kimya na kukaa mbalimbali. Alisimama, akasoma aya ya kwanza. Alipofika kwenye mtawanyiko wa mvua, mwanamke mmoja alinyoosha mkono. Aliitwa Violeth, mjane mwenye ekari tatu, na mkononi alikuwa na sahani ya bati iliyofunikwa kitambaa.

"Samahani, mwanangu, nikukatishe," alisema. Akaja mbele, akafunua. Upande mmoja wa sahani kulikuwa na punje zilizochipua, nyeupe, zenye mizizi mirefu kama uzi. Upande wa pili punje zilikuwa zimevimba na kuoza. "Hizi zilizoota ni za kwangu. Zilibaki kidogo kwenye kibuyu. Hizi nyingine ni zenu. Nimezifunga kwenye kitambaa kimoja, nikazinyunyizia maji asubuhi na jioni, siku sita. Mvua ya ndani ya nyumba yangu haikuchelewa."

Hakuna aliyecheka. Violeth hakuwa amepandisha sauti. Alibaki amesimama na sahani yake, akimtazama Stefania kama mtu anayesubiri kurudishiwa kitu alichomwazima mwenzake.

Stefania alitazama karatasi. Aya mbili zilikuwa bado. Alijua kwamba akiendelea kusoma, wangemsikiliza hadi mwisho, kwa adabu, kisha wangeondoka. Aliikunja.

"Mama, ni kweli," alisema. "Si mvua. Mbegu tulizowapa zililowa ghalani. Mimi sikujua nilipokuja Novemba, lakini tangu Jumanne nilijua, na leo nimekuja kuwasomea mengine. Niliwaambia mle mbegu zenu. Naomba mnisamehe."

Mzee mmoja, Fulgensi, akauliza, "Sasa?"

"Sasa sijui. Lakini mvua bado zipo. Tukipata mbegu ndani ya wiki mbili, mtu anaweza kupanda tena. Naomba wachache wenu twende kwa meneja pamoja. Nikienda peke yangu hatanisikia."

Walikwenda watano, kwa baiskeli, Violeth akiwa amepakiwa nyuma, ameishika sahani mapajani. Bwana Raimundi alipowaona mlangoni na afisa uhusiano wake kati yao, uso ulimbadilika. Alitaka kuzungumza na Stefania peke yake. Fulgensi akasema watasubiri hapohapo, hawana haraka, mashambani hakuna palizi. Violeth aliweka sahani juu ya meza, juu ya mafaili.

Siku nane baadaye gari la kampuni lilileta mbegu zilizotafutwa kwa wakulima wa upande wa Mngeta. Hazikuletwa pamoja na tangazo lolote. Zilishushwa tu, watu wakaandikwa majina, gari likageuza. Siku hiyohiyo Stefania alipokea barua ya mistari minne iliyomrudisha masjala.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, Amedeus alikwenda nyumbani kwa kina Stefania huko Lumemo. Alikaribishwa kiti, mama Stefania akamletea maji. Waliachwa wawili barazani.

"Umeniaibisha," alisema. "Raimundi ananiuliza ni mafunzo gani tunatoa. Mwajiri alikuamini, akakukabidhi karatasi yake, ukaikunja mbele ya watu."

"Shikamoo, Baba Careen," Stefania alisema, kwa kuwa hakuwa amepata nafasi ya kumwamkia.

"Marahaba." Akanywa maji. "Ungeimaliza. Halafu ungerudi kupigania mbegu ofisini, kimyakimya. Hivyo ndivyo inavyofanyika."

Stefania alifikiri kabla ya kujibu, maana alimheshimu na hakutaka kumshinda kwa maneno. "Naomba nikuulize kitu kimoja. Taarifa ya namna ile, umewahi kuisoma mwenyewe, mbele ya wale inaowahusu?"

Amedeus aliweka kikombe chini. Alitazama barabarani, ambako watoto walikuwa wanasukuma gurudumu la baiskeli. "Huwa nazituma," alisema mwishowe. "Zinabandikwa ubaoni."

Hawakuzungumza tena juu ya jambo hilo. Amedeus alimuuliza Stefania kama baba yake hajambo, akamaliza maji, akaaga.

Jumamosi ya kwanza ya Februari ilikuwa siku ya mlezi kusema. Darasani wote kumi na mmoja walikuwapo, na habari ya Katindiuka kila mmoja alikuwa nayo. Amedeus alisimama, mikono nyuma.

"Taarifa ya mbegu niliiandika mimi," alisema. "Yeye alipewa tu aisome. Mnataka niseme kama ameiva. Nimeliwaza swali hilo wiki mbili, na naona sijui nimpime kwa kipimo gani. Kipimo nilichokuwa nacho sikiamini tena sana. Hayo ndiyo niliyo nayo."

Akakaa. Yakazuka mabishano ya saa nzima. Mmoja alisema afisa anayemwumbua mwajiri wake hafai kukaa na wenzake. Mwingine alisema afadhali huyo kuliko afisa ambaye wakulima wakimwona wanageuza njia. Mwishowe katibu akakumbusha kwamba Stefania sasa ni karani wa masjala, na katiba inataka maafisa uhusiano, kwa hiyo swali lenyewe halipo. Wakakubaliana ahudhurie kama msikilizaji. Stefania aliona uchungu, lakini mwezi uliofuata alikwenda, na mwezi uliofuata tena.

Katindiuka walivuna mwezi wa Julai, kwa kuchelewa. Violeth alipata kama nusu ya alichozoea. Wengine hawakupanda mara ya pili kabisa, kwa kuwa nguvu za kulima upya hazikuwapo. Fulgensi na wanawe walikwenda kufanya vibarua mashamba ya mbali hadi mwaka uliofuata. Stefania alipokutana nao sokoni walisalimiana. Baadhi yao hawakumsalimia, naye hakuwalaumu.

Mwishoni mwa mwaka 1997 shirika alilofanyia kazi Amedeus lilipunguza wafanyakazi, kama yalivyofanya mengi miaka ile, na tawi la Ifakara likaamriwa kufungwa. Alasiri moja ya Ijumaa Amedeus alitokea kwenye dirisha la masjala ya Nyota Tatu. Stefania alimkaribisha ndani, akamwondolea mafaili kwenye kiti.

"Nimetakiwa kuandika tangazo kwa wafanyakazi," alisema. Akatoa karatasi mfukoni. "Nilitaka uisome."

Stefania aliisoma polepole, kwa sauti. Kutokana na mageuzi ya kiuchumi yanayoendelea nchini, ilikuwa imelazimu shughuli za tawi kusitishwa.

"Ni nani aliyeamua?" aliuliza.

"Bodi."

"Wanaoachishwa ni wangapi?"

"Thelathini na wanne."

Stefania alimtazama. Alikuwa amekonda, na kola ya shati lake ilikuwa imeachana na shingo. "Na wewe, Baba Careen?"

"Nimo."

"Hapa hujasema."

Amedeus alichukua kalamu ya Stefania mezani. Walikaa na karatasi ile hadi saa ya kufunga ofisi. Walipomaliza ilikuwa fupi kuliko ya kwanza, na ngumu zaidi kuisoma. Alipoinuka, alisema hataibandika ubaoni. Ataisoma mwenyewe Jumatatu saa mbili asubuhi, mbele ya wote.

Stefania aliomba ruhusa kazini, akaenda, akasimama nyuma kabisa karibu na lango. Wafanyakazi walikuwa wamejipanga uani, baadhi bado na ovaroli. Amedeus alisoma kwamba bodi imeamua kulifunga tawi lao. Akaanza kusoma majina, moja baada ya jingine, yote kwa ukamilifu, bila kukosea hata moja. La thelathini na nne lilikuwa lake. Kabla ya kulisoma alivua miwani, akaifuta.

"Pole, Baba Careen," alisema mwanamke mmoja wa jikoni, kutoka mstari wa mbele. "Soma tu. Tunakusikia."

Akasoma.