Usipige Makofi Chini ya Mkuyu

Kwenye gesti ile hakuna mtu anayepiga chafya kwa nguvu. Pua ikikuwasha unaibana, unakimbilia barabarani, unachafyia huko. Milango inafungwa polepole kama kuna mgonjwa ndani, sufuria zinashushwa kwa adabu, na hata mume na mke wakigombana wanagombana kwa kunong'ona, matusi yote yanatoka kama siri. Sababu iko juu, kwenye mkuyu uliosimama katikati ya ua. Popo. Tena siyo wawili watatu, wamejaa kila tawi, wananing'inia kama soksi kuukuu. Na popo ukimshtua mchana haruki hivihivi. Kwanza anajipunguzia mzigo, ndio anaruka.

Wa kusafisha huo mzigo ni Sabuni. Jina lake la kweli watu walishalisahau. Yeye ndiye dobi wa gesti, na mwenye gesti ni kaka yake, na kila shuka linalolaliwa pale limepita mikononi mwake. Sasa mavi ya popo aliyeshiba kuyu yanakaa kwenye shuka jeupe kama yamejengewa nyumba. Unaloweka, unasugua, unaanika, na doa bado linakutazama tu. Halafu chumba chake mwenyewe ndicho kilicho chini kabisa ya mti. Kamwambia kaka yake mpaka mdomo umemchoka. Juzi kaka kakubali: mkata miti anakuja leo. Tangu asubuhi Sabuni anafua huku anaimba, kimyakimya lakini.

Tatizo wageni. Mume na mke, wamefika jana kutoka mbali, wamechukua chumba namba mbili. Walipouona mkuyu tu, kwisha habari yao. Wakatoa viti, wakakaa chini yake, shingo zimepinda, midomo wazi, simu juu. Sabuni alikuwa anawachungulia katikati ya mashuka na mate yanamjaa mdomoni, yale mate yanayokuja kabla ya kutapika.

"Hivi dada, nyie mnaona hivi kila siku?" mgeni wa kike akamuuliza.

"Kila siku."

"Mna bahati nyie."

Sabuni akaangalia bega lake. Kulikuwa na kitone kibichi, bado kina mbegu ndani. Akakikwangua kwa ukucha.

"Halafu mna utulivu," mume naye akadakia. "Mnaongea taratibu. Sisi kwetu ni kelele mwanzo mwisho."

Wifi yake Sabuni, mke wa kaka, alikuwa amesimama na sinia la chai. Akatabasamu mpaka jino la mwisho. "Ndivyo tulivyolelewa."

Sabuni nusura aangushe shuka. Eti tulivyolelewa. Wifi huyuhuyu kabla hajaolewa, akiongea kwao unamsikia ukiwa stendi.

Mara mkata miti akafika, kamba begani, msumeno mkononi. Wifi akamuwahi getini.

"Fundi, samahani, rudi tu. Hatukati tena."

"Wifi, unasemaje?" Sabuni alishafika, mikono inachuruzika povu.

"Si unaona wageni wanavyopapenda? Hawa watatuletea wenzao."

"Na mimi je?"

"Wewe si umeshazoea."

Sabuni akamgeukia kaka yake. Kaka akajikuna shingo, akaangalia geti, akaangalia viatu vyake. "Tutaangalia, dada," akasema. Na miaka yote hiyo alikuwa anaangalia tu.

Nyuma yao mgeni wa kiume akasimama, akampa mkewe simu. Anataka popo waruke, apigwe picha katikati yao. Sabuni akaona mikono inapanda. Akataka kupiga kelele amzuie, akakumbuka kelele zenyewe ndizo zitakazowaamsha. Akamnong'oneza, "Mgeni, usi—"

Pah, pah.

Mti mzima ukapasuka kwa mabawa. Halafu ikaanza kunyesha. Kwenye mashuka, kwenye chai, kwenye nywele, tope la zambarau lenye mbegumbegu, la uvuguvugu. Mgeni alikuwa ameinua uso, mdomo wazi, akapata haki yake. Akatema, akafuta ulimi kwa mkono wa shati, akacheka.

"Umenasa?"

"Nimenasa yote," mkewe akasema.

Wifi alikuwa na mchirizi kuanzia kwenye nyusi hadi mdomoni. Hakuufuta. "Karibuni sana," akawaambia, bado anatabasamu, na tone likamteleza likaingia kwenye lile tabasamu. Sabuni akajifuta povu mikononi. Popo ni popo, hajui kitu. Huyu anajua.

Akaingia namba mbili, akabeba mabegi ya wageni, akayapeleka mpaka kwenye mlango wa chumba chake.

"Mnawapenda popo," akawaambia. "Huku ndiko karibu zaidi. Leo mtalala hapa, mimi nitalala kwenu."

"Kweli?" Mgeni wa kike akatangulia ndani, simu mbele. Simu ikashuka. Dari la plaiwudi lilikuwa limevimba kama tumbo, linatoa jasho la njano, linadondokea kwenye kopo pembeni ya mto. Mende walitembea bila haraka, kama wenye nyumba. Na harufu ya choo na matunda yaliyooza ilikuwa nzito, unaisikia mpaka kwenye ulimi. Akatoka amejiziba pua, akainama kwenye shina la mkuyu, akatapika.

"Kuna mtu analala humo?" mumewe akauliza.

"Mimi," Sabuni akasema.

Kaka hajawahi kuingia humo, ni chumba cha dada yake mtu mzima. Leo akaingia. Akakaa kidogo. Alipotoka alikuwa anajifuta utosi kwa kiganja, halafu kiganja anakifuta ukutani.

"Mbona hukusema ni hivi?"

"Nimesema, kaka."

Kaka alikuwa amesimama mbali naye kidogo, kisha akarudi nyuma hatua moja, bila kujua, kama mtu anavyokwepa jalala. Sabuni aliiona ile hatua. Akanusa mkono wake mwenyewe: chini ya harufu ya sabuni kulikuwa na ile ya chumba chake.

"Fundi," akamwambia mkata miti, ambaye hakuwa ameondoka, "panda."

Fundi akamtazama wifi. Wifi akamtazama mumewe. Kaka alikuwa ameinamisha kichwa, hakukataa. Fundi akarusha kamba kwenye tawi la kwanza.